Tunajua nakshi ya chungu, hatujui kilipika nini

Kuna kazi ambayo kila mwanafunzi wa akiolojia wa pwani ameifanya: kuosha vigae. Unakaa chini ya mwembe, una ndoo ya maji, mswaki uliochakaa na mfuko wa vipande vya vyungu vilivyotoka shimoni asubuhi. Unasugua. Kigae kikiwa na mdomo au nakshi, unakiweka upande huu. Kisipokuwa na mdomo wala nakshi, kinaenda upande ule, kwenye rundo kubwa, ambalo jioni litahesabiwa, litapimwa uzito, na mara nyingi litarudishwa shimoni wakati wa kufukia. Mimi nilisugua wiki nzima nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Siku moja nilipata kitako cha chungu kilichoganda masizi, nikakisugua mpaka kikatakata, na nikasifiwa kwa usafi.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokifanya. Masizi yale ndiyo yalikuwa habari yenyewe. Yangeniambia kama chungu kilikaa juu ya mafiga au kilikaa pembeni ya moto, kama kilipikiwa mara nyingi au mara mbili tatu tu. Mimi nikayamwaga kwenye ndoo.

Sasa hii si makala ya kujilaumu. Nataka kulaumu utaratibu ulionifundisha kusugua. Kwa muda mrefu akiolojia ya pwani ya Waswahili imejua kusoma vyungu kama kalenda, kama kitambulisho cha kabila na kama ushahidi wa biashara. Kusoma chungu kama chungu, yaani chombo ambacho mtu alitia maji, samaki na chumvi akakiinjika motoni, imekuwa ikiachwa mwisho.

Bakuli lililokuja na jahazi

Ukiingia karibu makumbusho yoyote yenye mambo ya pwani, utaona kabati la kioo. Ndani kuna bakuli la seladoni ya kijani kutoka China, labda kipande cha buluu na nyeupe, labda sahani yenye michoro ya kukwaruza kutoka nchi za Ghuba. Chungu cha hapahapa kipo, lakini kiko chini, au nyuma, na kibao chake kina maneno matatu.

Sababu ya kisayansi ipo na si ya kudharau. Tanuri za China zilibadilisha rangi, mng'aro na michoro kwa mpangilio unaojulikana. Ukikuta kipande cha aina fulani chini ya sakafu ya msikiti, una tarehe ya kuanzia. Kabla vipimo vya kaboni 14 havijawa vya kawaida, vigae vya kigeni ndivyo vilivyokuwa saa ya mchimbaji. Chungu cha kienyeji kinabadilika polepole, na mwanzoni hakuna aliyejua mpangilio wake. Kwa hiyo aliyetaka kujua umri wa mji aliangalia bakuli la mgeni.

Tatizo ni kwamba saa iligeuka kuwa hadithi. James Kirkman alipochapisha uchimbaji wake wa Gedi mwaka 1954, jina la kitabu liliuita mji ule wa Waarabu. Neville Chittick alipochapisha juzuu zake mbili kuhusu Kilwa mwaka 1974, jina la kitabu liliiita Kilwa mji wa Kiislamu wa biashara. Hilo la pili si uongo, Kilwa ilikuwa na Uislamu na ilikuwa na biashara. Lakini angalia vigae. Katika miji mingi ya pwani, vyombo kutoka ng'ambo mara nyingi havifiki vigae 5 kati ya 100. Vilivyobaki, yaani karibu vyote, ni udongo wa hapa, uliofinyangwa hapa na kuchomwa hapa. Mji unaupa jina kutokana na vitano, na wale tisini na tano unawahesabu halafu unawafukia.

Nimsemee Chittick kidogo, maana ni rahisi kumpiga mtu aliyekwisha kufa. Juzuu yake ya pili, ile ya vitu vilivyopatikana, inaonyesha vyombo vya kienyeji kwa michoro makini. Bila michoro ile watafiti waliomfuata wasingekuwa na pa kulinganishia. Tena vyombo vya kienyeji vya zamani zaidi vya Kilwa yeye mwenyewe aliviita vyombo vya jikoni vya awali. Jina zuri kweli. Ila ukilisoma jina hilo unategemea mlango wa jiko ufunguliwe: nani alipika, alipika nini, kwa moto wa namna gani. Haufunguliwi. Neno "jikoni" pale linafanya kazi ya kusema "si vya mezani, si vya thamani". Ni jina la rafu ya stoo.

Na mimi nakubali kwamba mwaka 1974 hakuwa na maabara ya kumsaidia kujua kilichopikwa. Lakini macho alikuwa nayo. Masizi hayahitaji mashine.

Ugomvi wa pembetatu

Kizazi kilichofuata kilifanya jambo kubwa: kilikitoa chungu cha kienyeji chini ya rafu na kukiweka katikati ya mjadala. Kuanzia takriban karne ya 7, pwani nzima ina mitungi ya shingo yenye mistari iliyochorwa kwenye udongo mbichi, mara nyingi mistari hiyo ikiunda pembetatu. Inapatikana kutoka visiwa vya Lamu mpaka Chibuene huko Msumbiji, inapatikana Komoro, na inapatikana bara, kwa mfano Dakawa mkoani Morogoro, mahali ambapo watu walikuwa wakifua chuma. Yaani kabla ya majumba ya mawe, kabla ya kuba na mihirabu ya matumbawe, kulikuwa na watu wanaotumia mtungi wa namna moja katika eneo refu ajabu.

Mark Horton, aliyechimba Shanga kwenye kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, aliuita mtindo huu mapokeo ya Tana, na katika maandishi yake ya awali aliuhusisha na wafugaji. Felix Chami, katika kazi yake ya 1994, aliuita kwa nakshi yake, vyombo vya pembetatu za kuchora, akaufuatilia mpaka kwa wakulima wafua chuma waliotengeneza vyombo vya mtindo wa Kwale kabla yake. Ukiwa mwanafunzi unajifunza haraka kwamba jina utakaloandika kwenye tasnifu yako linakuweka upande fulani. Ni kama kuulizwa Simba au Yanga.

Nisieleweke vibaya: ugomvi ule ulikuwa na maana. Swali lilikuwa kama miji ya pwani ilianzishwa na wageni au na watu wa hapa, na jibu la vigae lilikuwa wazi: watu wa hapa. Chami na Horton, pamoja na kutofautiana kwao, wote walisaidia kuizika hadithi ya koloni la Waarabu na Waajemi. Kitabu cha Horton cha 1996 kuhusu Shanga mpaka leo ndicho ningempa mtu anayetaka kuona vyombo vya kienyeji vikipewa heshima ya kuhesabiwa tabaka kwa tabaka, tangu makazi ya kwanza ya karne ya 8 mpaka mji ulipohamwa katika karne ya 15.

Ninachokilaumu ni swali lenyewe jinsi lilivyobanwa. Chungu kiliulizwa "wewe ni wa nani?" mara elfu, na "wewe unafanya kazi gani?" karibu mara sifuri. Na nakshi, ambayo ndiyo ilibeba mzigo wote wa hoja, iko shingoni na begani. Sehemu inayokaa motoni haina nakshi. Kwa hiyo tukapata sayansi nzima ya shingo za mitungi.

Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walirudi kwenye makusanyo ya sehemu mbalimbali za pwani na kuyalinganisha kwa vigezo vilevile. Walichokikuta kilinifurahisha sana niliposoma mara ya kwanza. Ule umoja wa pwani nzima upo, lakini umekaa zaidi kwenye kundi moja la vyombo, mitungi ile ya shingo yenye nakshi. Ukienda kwenye maumbo mengine, mabakuli na vyungu vingine, kila sehemu ina mambo yake. Umoja upo kwenye chombo fulani, na tofauti iko kwenye vingine. Hapo mtu hawezi tena kukwepa swali la matumizi. Kwa nini mtungi ufanane kutoka Pate mpaka Komoro na bakuli lisifanane? Mtungi ulisafiri na bidhaa? Ulitumika kwenye kitu ambacho majirani walikifanya pamoja, na bakuli likabaki la nyumbani? Wao wenyewe wanalifikisha swali mlangoni, na hapo ndipo ningependa wangesukuma zaidi.

Kuna kazi nyingine ndogo ambayo inalivunja kabisa wazo la chungu kama kitambulisho cha kabila. Wynne-Jones na Bertram Mapunda, mwaka 2008, waliandika kuhusu wafinyanzi wa kisiwa cha Mafia. Wafinyanzi waliowakuta walikuwa wanawake waliotoka bara, Wamakonde. Sasa ungetegemea watengeneze vyungu vya Kimakonde. Hapana. Walitengeneza vyungu vya Mafia, kwa sababu wateja wa Mafia ndio wanunuzi na wanataka chungu wanachokizoea. Mwanaakiolojia wa miaka 500 ijayo akivikuta vigae hivyo ataandika kwamba wafinyanzi walikuwa wenyeji wa Mafia tangu na tangu. Aliyeamua umbo ni mpishi. Mfinyanzi alifuata jiko.

Chungu ni mashine

Hebu tuache wanazuoni kidogo tuangalie chombo chenyewe.

Chungu cha kupikia cha pwani kina kitako cha mviringo. Mtu aliyezoea sufuria anaweza kuona ni kasoro, kwa sababu hakisimami mezani. Lakini udongo ukipata moto unatanuka, na penye kona pana mvutano: upande mmoja umeshapata moto, mwingine bado. Ufa unaanzia hapo. Umbo la mviringo halina kona, joto linasambaa, na mafiga matatu yanakishika vizuri kuliko meza. Mchanga ambao mfinyanzi anauchanganya kwenye udongo nao una kazi. Ufa mdogo ukianza kukimbia unagonga chembe ya mchanga na kusimama. Chombo kinakuwa na nyufa ndogondogo elfu na hakipasuki. Ukilichukua bakuli la seladoni, zuri namna gani, ukalipachika juu ya mafiga, una hatari kubwa ya kubaki na vipande vya seladoni na mchuzi jivuni.

Mtungi wa maji ni mashine ya aina nyingine. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi, bila tanuri kubwa, unabaki na vinyweleo. Maji yanapenya polepole mpaka nje, yanavukizwa na upepo, na mvuke unapoondoka unachukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi kuliko hewa ya chumbani, na ndiyo maana mtungi unawekwa penye upepo. Mfinyanzi akiufanya ung'ae sana kwa nje hautoi jasho la kutosha. Akiuacha wazi mno unavuja. Kati ya hapo kuna ujuzi ambao hakuna aliyeuandika.

Kwa hiyo tofauti ya chungu na bakuli la jahazi ni ya fizikia kabla ya kuwa ya cheo. Bakuli la mng'aro lilikuja kufanya kazi ambayo vinyweleo vinaiharibu, yaani kupakulia bila kunyonya mafuta na harufu. Lisingeweza kulipindua jiko hata kama lingekuwa la bure.

Lugha yetu inalijua hilo. Mswahili hakuvipa vyombo majina kwa nakshi. Alivipa kwa kazi: chungu cha kupikia, mtungi wa maji, kaango la kukaangia, mkungu wa kufunikia au kulia, kasiki la kuhifadhia, chetezo cha kufukizia udi. Nikisoma jedwali la maumbo katika ripoti, aina ya kwanza, ya pili, ya tatu A na B, huwa najiuliza kama mwenye jedwali aliwahi kumuuliza mtu yeyote jirani na shimo lake "hiki mnakiitaje?" Lakini hapa nijiwekee breki mwenyewe. Majina ya leo si lazima yawe ya karne ya 9. Kitu kinachofanana na kaango kinaweza kuwa kilikuwa kifuniko. Jina la bibi ni dhana nzuri ya kuanzia, halafu lazima lijaribiwe kwenye kigae: masizi yako wapi, ndani kumechakazwa na mwiko au hapana, kuna ukoko wa chokaa wa maji au hakuna.

Karamu bila mpishi

Kazi iliyokaribia zaidi kukiuliza chungu kuhusu kazi yake ni makala ya Fleisher ya mwaka 2010 kuhusu karamu na siasa pwani, kati ya mwaka 700 na 1500. Fleisher na Adria LaViolette wamechimba Pemba, sehemu kama Tumbe na Chwaka. Hoja yake, kwa ufupi wangu: watu wa pwani walijenga heshima na mamlaka kwa kulisha watu. Mabakuli makubwa ya wazi, ya hapa na ya kutoka ng'ambo, yalikuwa vyombo vya siasa, na kuongezeka kwa mabakuli kwa karne kadhaa kunaonyesha kwamba namna ya kula ilibadilika, watu wakala pamoja, mbele ya macho ya wengine. Hata bakuli la kigeni lililopachikwa kwenye nguzo ya kaburi linapata maana mpya. Ni bakuli la mtu aliyelisha.

Naipenda makala hii. Kwa mara ya kwanza bakuli la China linaacha kuwa risiti ya biashara na linakuwa na wali ndani. Na inaungwa mkono vizuri na kazi ya Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua kutoka Pemba hiyohiyo. Kwenye makazi ya mwanzo nafaka kuu ni uwele, na baada ya karne ya 11, Chwaka, mpunga unashika nafasi. Chakula kilibadilika na chombo cha kupakulia kikabadilika. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja unaanza kunusa kitu.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni la chano. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza alivyokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sahani kubwa ya mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Sahani ya mti! Karamu maarufu kuliko zote katika maandishi ya zama zile haikupakuliwa kwenye udongo. Mogadishu si Pemba, sawa, na meza ya sultani si ya kila mtu. Lakini mti unaoza. Mabakuli yanapoongezeka shimoni inawezekana watu walianza kula pamoja, na inawezekana pia walikuwa wanakula pamoja siku zote kwenye chano, kisha wakahamia kwenye udongo. Hesabu ya vigae peke yake haiwezi kutofautisha mambo haya mawili, na hoja ya karamu inahitaji tofauti hiyo.

La pili ni kubwa zaidi. Karamu ina mwenyeji, ina wageni, ina bakuli. Mpishi yuko wapi? Wali wa kulisha mtaa unahitaji kutwanga, kupepeta, kuchota maji, kukata kuni, kukuna nazi ikiwa ipo, na vyungu vikubwa vya kutosha au vyungu vingi vidogo kutoka nyumba nyingi. Hayo mawili ya mwisho yanapimika! Pima kipenyo cha midomo ya vyungu vya kupikia. Kama karamu zilikuwa za mtu mmoja mkubwa mwenye watumishi, tutegemee vyungu vikubwa mahali pamoja. Kama wanawake wa mtaa walipika kila mmoja kwake na kuleta, kama inavyofanyika kwenye shughuli nyingi mpaka leo, tutegemee vyungu vya kawaida vimesambaa kila nyumba, na mabakuli tu ndiyo yajikusanye. Hizo ni siasa mbili tofauti kabisa. Katika moja mamlaka ni ya mwenye stoo. Katika nyingine mamlaka yanaazimwa kutoka majikoni mwa watu, na yanaweza kunyimwa.

Na hapa ndipo naona hasara halisi ya kusugua masizi. Historia ya pwani tuliyonayo ni ya sultani, nahodha, mfanyabiashara na mhubiri. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023, uliotumia mabaki ya watu wa kale 80, ulionyesha kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kupitia kina mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia, zaidi ya Uajemi, ilikuja kupitia wanaume. Magazeti yalishangilia hao wanaume. Mimi nilijiuliza kuhusu hao kina mama, maana tunayo mamilioni ya vipande vya vitu ambavyo yumkini walivishika kila siku. Tena sitaki kuruka: vinasaba havisemi nani alifinyanga wala nani alipika, na nikisema hivyo nitakuwa nimefanya kosa lilelile la pembetatu na kabila. Nasema tu kwamba ushahidi wa kuwajua upo, na tunautia kwenye ndoo.

Maabara inaweza nini

Chungu kisicho na mng'aro kinanyonya mafuta ya chakula, na mafuta hayo yanaweza kukaa ndani ya udongo kwa maelfu ya miaka. Unachukua kipande kidogo, unakisaga, unayatoa mafuta kwa viyeyusho, unayapima. Mbinu iliyoendelezwa na kundi la Richard Evershed la Bristol inaangalia kaboni iliyomo kwenye asidi mbili za mafuta, ya palmitiki na ya steariki. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawawezi kutengeneza asidi ya steariki ndani ya tezi za maziwa. Tezi zinaichukua kwenye damu, nyingi ikitokana na malisho. Kwa hiyo isotopu za kaboni za mafuta ya maziwa zinatofautiana na za mafuta ya nyama ya mnyama yuleyule. Kigae kinakuambia: hapa palichemshwa nyama, pale palitiwa maziwa.

Hili limeshafanyika kwetu, ila si pwani hasa. Mwaka 2020 Katherine Grillo, Julie Dunne na wenzao walichapisha uchunguzi wa vigae 125 vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vya kati ya miaka takriban 5,000 na 1,200 iliyopita. Sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa ya nyama ya wanyama wanaocheua, wakakuta na alama za maziwa na za mimea. Baadhi ya vigae vilikuwa vimekaa kwenye makusanyo.

Ukiuliza "basi tufanye hivyo Kilwa", nami nitakuwa wa kwanza kukubali, lakini tusiahidiane miujiza. Mchele una mafuta machache mno, hautaacha saini ya kueleweka. Nazi ina asidi nyingi zenye minyororo mifupi, na hizo huyeyuka na kupotea kirahisi zaidi kuliko mafuta ya ng'ombe. Samaki wana alama zao, lakini zinahitaji chungu kiwe kimepata moto wa kutosha. Kwa maneno ya jikoni, maabara itakupa mchuzi kabla ya kukupa wali. Wali itabidi uutafute kwa kina Walshaw, kwenye mbegu zilizoungua. Na matumizi ya chumba kizima utayatafuta kwa njia iliyotumika Songo Mnara, jirani na Kilwa, ambako udongo wa sakafu za nyumba ulichunguzwa kwa darubini na kemia ili kujua watu walifanya nini wapi.

Kuna na mambo madogo ya kuudhi. Mafuta ya vidole vyetu yanaingia kwenye kigae. Mfuko wa plastiki unaacha kemikali zake. Habari njema ni kwamba mafuta ya chakula yamezama ndani ya udongo, kwa hiyo hata kigae kilichooshwa kwa mswaki bado kinaweza kusema. Na kwa kuwa mafuta huelea wakati wa kuchemsha, sehemu ya juu ya chungu mara nyingi hunyonya zaidi ya kitako. Ile midomo tuliyoihifadhi kwa ajili ya kuchora maumbo inaweza kutufaa kwa kazi ambayo hatukuikusudia.

Masizi na ukoko ni hadithi nyingine. Vikienda vimekwenda. Kinachohitajika hapo hakina gharama ya mashine: kutoosha kila kigae, kufunga baadhi kwa karatasi ya aluminiamu moja kwa moja kutoka shimoni, kupiga picha ya nje na ya ndani kabla ya maji, na kuongeza safu moja kwenye fomu ya kurekodi, safu ya masizi, karibu na safu ya nakshi ambayo ipo tayari. Msimu uliopita nilikuwa mimi niliyesimamia wanafunzi chini ya mwembe mwingine. Nikaongeza ile safu kwa kalamu, kwa sababu fomu zilikuwa zimeshachapwa. Kufika siku ya tatu mwanafunzi mmoja akaniletea vitako viwili vya tabaka moja. Kimoja kilikuwa cheusi pembeni na chekundu katikati, kimeungua kwa kukaa juu ya moto mkali mara nyingi. Kingine kilikuwa na ukoko mweupe ndani na hakina hata doa la moshi nje. Kwenye fomu ya zamani vyote viwili vingeandikwa: mwili, hakuna nakshi.